Nchi Iliyokufa na Wanyama Wake: Majibu kwa Wanaotaka Sayansi Peke Yake

Mtunzi akibuni nchi iliyoteketezwa na vita, sumu au ukame, haupiti muda ataulizwa: hawa wanyama wako wametoka wapi? Akijibu kwamba amewatoa katika visasili, huambiwa amekwepa kazi. Napinga shutuma hiyo. Nchi ya kubuni iliyokufa kwa makosa ya watu inahitaji wanyama wanaolibeba kosa lenyewe, na kazi hiyo kisasili huifanya vizuri kuliko maabara. Nizijibu hoja za wapinzani, moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: Kisasili hakina kanuni, mtunzi atafanya apendavyo.

Tumtazame nunda mla watu, katika hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870. Paka wa Sultani Majnuni, ambaye ndiye atakayekuwa nunda, anaanza kwa kula mifugo. Watu wakienda kushtaki, Sultani anajibu kuwa paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Paka anaendelea mpaka anakula watu, na mwishowe baadhi ya wana wa Sultani mwenyewe. Kanuni iko wazi: kila shtaka linalopuuzwa linamkuza mnyama.

Hata umbo lake halikuachwa hewani. Mwana mdogo wa Sultani anapotoka kumsaka, anamletea mama yake mnyama baada ya mnyama, na kila mara anaambiwa siye. Nunda ana alama zake: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka kama ya ngawa, mkia mnene. Msimulizi aliyeyasema hayo alijua anachokisema. Mtunzi wa leo akiivunja kanuni ya namna hii, msikilizaji humkamata papo hapo.

Hoja ya pili: Msomaji wa leo anaamini sayansi, na mionzi inatosha kueleza majitu.

Mionzi haielezi majitu hata kidogo. Filamu ya Them! ya mwaka 1954 ilionyesha sisimizi wakubwa mno katika jangwa la New Mexico, ikidai wametokana na majaribio ya bomu la atomi. Lakini Galileo alikwisha kulifunga jambo hilo mwaka 1638. Mnyama akirefushwa mara 2 kwa kila upande, uzito wake unapanda mara 8, ilhali nguvu ya miguu inayombeba inapanda mara 4 tu. Mrefushe sisimizi mara 100: uzito utapanda mara 1,000,000, na nguvu ya miguu mara 10,000. Ataanguka pale pale. Tena sisimizi hana mapafu; hewa humwingia kwa mirija myembamba ambayo haiwezi kuulisha mwili wa ukubwa huo.

Chernobyl nako, baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia ya mwaka 1986, watu walihamishwa na pori likarudi na mbwamwitu, nguruwe mwitu na kulungu wakubwa wa nchi za baridi wenye pembe pana. Ni wanyama wa kimo kile kile cha siku zote. Basi wale sisimizi wa filamu ni kisasili kilichovaa koti la daktari: watu wamevuka mpaka, na adhabu imewatokea jangwani. Kinachotusisimua ni hiyo adhabu. Afadhali mtunzi aikiri na kuijenga vizuri kuliko kuifunika kwa fizikia isiyosimama.

Hoja ya tatu: Visasili huwaondolea watu lawama ya kuharibu mazingira.

Mchoraji wa Kijapani Hayao Miyazaki anaijibu hoja hii. Nausicaä, katuni aliyoanza kuichora mwaka 1982 na kuigeuza filamu mwaka 1984, inaonyesha dunia iliyofunikwa na msitu wa kuvu wenye sumu, unaolindwa na wadudu wakubwa kama majumba. Jina la binti shujaa limetoka kwa Homer, na tabia yake ya kupenda wadudu imetoka katika hadithi ya kale ya Kijapani. Nyuma ya katuni hiyo iko ghuba ya Minamata, ambako zebaki ya kiwandani iliua na kulemaza watu. Katika katuni hiyo msitu unaoogopwa unaisafisha ardhi waliyoichafua binadamu, na anayewachokoza walinzi wake anauletea mji wake maangamizi. Lawama imebaki palepale inapostahili, kwa mchafuzi.

Hoja ya nne: Visasili huwachafulia jina wanyama wa kweli.

Hii ina uzito, na sitaipuuza. Bundi wanauawa hadi leo katika vijiji vyetu kwa sababu ya kuitwa ndege wa uchawi. Mtunzi asimwongezee bundi wala fisi dhambi ambazo hawakuzitenda. Abuni kiumbe chake mwenyewe, kama msimulizi wa Unguja alivyomtenga nunda na wanyama wote wa porini.

Hoja ya tano: Mbona Dune ilifaulu kwa ikolojia?

Ilifaulu, na Frank Herbert anastahili heshima. Riwaya hiyo ya mwaka 1965 ilichipuka katika utafiti wake juu ya matuta ya mchanga ya Oregon, na mnyoo wake mkubwa wa jangwani ana mzunguko kamili wa uhai: maji ni sumu kwake, na jangwa linaendelea kuwa jangwa kwa sababu yake. Lakini wenyeji wa jangwa lile wanamcha mnyoo huyo kama mungu, naye analinda hazina kama majoka ya kale. Ikolojia ilimpa mahali pa kuishi. Utisho wake umetoka katika visasili.

Kwa hiyo nawashauri watunzi wetu wafuate mpangilio huu. Kwanza, taja kosa lililoiua nchi yako, na nani alilitenda. Pili, zaa mnyama anayelidai kosa hilo, mwenye alama zake na sheria yake. Tatu, ndipo umwite mwanasayansi akuulize mnyama anakunywa wapi na anakula nini. Maswali yake ni ya lazima, na majibu yatamfanya kiumbe asimame. Lakini akitangulia yeye, utapata mnyama anayeweza kuishi katika nchi yako bila kuwa na neno lolote la kuwaambia walioiharibu.