Mashine Imezeeka: Tuitengeneze au Tununue Mpya?



Juma lililopita alinijia mzee mmoja wa Ukerewe, mvuvi wa dagaa, na shauri lililokuwa linamnyima usingizi. Mashine ya mtumbwi wake ni Yamaha ya nguvu ya farasi 15, ameitumia miaka 14, na sasa yasumbua. Kijana wake asema mashine hiyo ni mzoga, na tajiri anayenunua dagaa zao yu tayari kuwakopesha mpya. Mama wa nyumba akataa: akiba iliyopo ni ada ya binti yao aliye shule ya bweni, wala hataki deni la tajiri. Basi nyumba nzima imenuniana.

Mimi nilimwuliza swali moja tu: "Mzee, kitu gani kimekufa ndani yake?" Hakujua. Na wengi wetu hatujui. Twasema "imezeeka", kana kwamba uzee ndio ugonjwa.

Ikiwa asubuhi haitaki kuwaka, tazama kwanza plagi, kabureta, na petroli yenyewe, maana petroli ya chupa za dukani yaweza kuwa na maji. Ikiwa maji hayatoki tena kwa nguvu katika kile kitundu cha nyuma, huenda kitundu kimeziba uchafu, au mpira wa pampu ya maji umekatika. Usiendelee kuiendesha hivyo, itaungua. Fungua oili ya giaboksi: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, yafaa kubadili sili. Hayo yote ni mafua tu. Atupaye mashine kwa sababu ya mafua, atupa fedha.

Ugonjwa wa kutisha ni wa silinda. Mwite fundi mwenye kipimo cha hewa, apime silinda zote mbili. Zikikaribiana, moyo wa mashine bado mzima. Moja ikipungua kuliko mwenzake zaidi ya sehemu moja katika kumi, sharti ifunguliwe. Hata hapo yaweza kuwa ringi tu, au silinda ichongwe na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Lakini silinda, kranki na giaboksi vikiharibika pamoja, na gharama ikapita nusu ya bei ya mashine mpya, mimi singeitengeneza. Uliza pia kama vipuri vyapatikana. Evinrude lilikuwa jina kubwa tangu mwaka 1909, lakini mwaka 2020 wenyewe waliacha kutengeneza mashine hizo. Mwenye nayo aangalie sana kabla ya kumwaga fedha.

Tena kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi, nayo ni ya petroli. Mashine iliyochoka hunywa. Pima lita unazotia kila usiku, uandike, usiku kumi mfululizo. Kisha mwulize jirani mwenye mashine mpya ya nguvu ileile, aendaye mbali kama wewe. Tuseme yake yapunguza lita 3 kwa usiku. Kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu hatuvui, tuhesabu usiku 20: hizo ni lita 60 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya petroli ya kwenu, ndipo utajua mashine mpya yarudisha nini.

Halafu mkopo wa tajiri. Mara nyingi haudai riba, na hapo ndipo watu hudanganyika. Akukopeshaye mashine hutaka dagaa wote umwuzie yeye, kwa bei yake. Andika tofauti ya bei kwa kila ndoo, hesabu ndoo za mwezi, na miezi ya deni. Pengine utaona umenunua mashine mbili ukapewa moja. Mambo haya yasiamuliwe pwani na wanaume peke yao. Mama mwenye kutunza akiba awepo.

Jambo moja halina hesabu. Mashine iliyozimika mara mbili katikati ya ziwa, na fundi asijue sababu, isiwapeleke watu visiwa vya mbali kama Goziba, hata iwe mpya. Na kila mtumbwi uwe na makasia na maboya ya kuvaa.

Mzee wetu alimwita fundi. Kipimo kikasoma 105 na 100. Mpira wa pampu ulikuwa umekatika, na sili ya giaboksi imekwisha. Siku mbili, kazi imekwisha, na ada ya binti haikuguswa. Kijana bado amenuna, asema mwakani itakufa tu. Huenda ni kweli. Nimemwambia anunue daftari, aanze usiku wa leo kuandika lita.