Mwadui: Jiwe la ndani ya uzio na mfuko wa msikiti



Jumamosi iliyopita vijana wa madrasa yetu, pamoja na baadhi ya wazazi wao, walikwenda kuutazama mji wa Mwadui. Kutoka Shinyanga mjini ni mwendo usiofika kilomita 40. Kijana mmoja aliyeuliza kama angepunguza swala aliambiwa na ustadhi wake kuwa safari hiyo ni fupi mno hata kuitajia rukhsa.

Nchi inayopitiwa ni kavu. Zamani miti ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, mifugo ikaongezeka, vumbi likawa ndilo mwenyeji. Hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliowarudisha wananchi kwenye ngitili za babu zao. Katika ukavu huo mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940, na mgodi ukazaa mji wenye nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Yeye mwenyewe hakuoa. Alifariki Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50, na warithi wake wakauuza mgodi.

Tangu hapo Mwadui umekufa na kufufuka zaidi ya mara moja. Ulidhoofika chini ya Serikali, ukainuka tena wawekezaji waliporudi mwaka 1994, ukabadilisha wamiliki mwaka 2009, ukasimama Aprili 2020 soko la almasi lilipoanguka kwa ajili ya Korona, ukaamka mwaka uliofuata. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la tope zikapasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani. Kazi ikasimama tena hadi mwaka 2023. Vijana walistaajabu zaidi walipoelezwa kuwa tani 100 za mwamba hutoa takriban karati 6, yaani gramu moja na ushei. Mlima mzima unasagwa kwa ajili ya kitu kinachoenea kwenye kijiko cha chai.

Tulipofika Maganzo, penye madalali wa mawe, ndipo likaja swali lililonifanya niandike makala hii. Kijana wa miaka kumi na sita, mpole, hafidhi wa juzuu kadhaa, alimwuliza ustadhi: "Mtu akiingia ndani ya uzio usiku, akatoka na jiwe, akaliuza, kisha akatoa humusi kwa ajili ya msikiti, je, si amelitakasa?" Wazazi walitazamana. Kila mmoja wetu anajua wabeshi ni akina nani. Wengine ni watoto wa majirani zetu.

Ustadhi alianza na fiqhi. Humusi, yaani moja ya tano, ni ya rikazi, hazina iliyozikwa na watu wa kale. Almasi ni madini, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi zaka ya madini haiwajibiki ila kwa dhahabu na fedha. Mahambali wanaiwajibisha kwa kila madini. Ama dalali anunuaye jiwe ili aliuze, huyo ana zaka ya biashara kila mwaka, sehemu moja ya arubaini. Lakini yote hayo ni ya mali halali. Kilichochukuliwa bila haki hakina zaka. Kina kurudishwa kwa mwenyewe.

Kijana hakuridhika. "Ardhi hii ilikuwa ya babu zetu, ustadhi."

Hapo sikupenda tumjibu kwa haraka. Manung'uniko ya watu wa vijiji vile yana msingi. Mwaka 2021 kampuni iliyokuwa ikiumiliki mgodi ilikubali kuwalipa wadai 71 waliolalamikia mateso yaliyofanywa na walinzi, ingawa haikukiri dhima. Wadai hao walikwenda kwa mawakili, wakasikilizwa, wakalipwa. Walioruka uzio usiku, wapo waliorudi na risasi mwilini na wapo wasiorudi kabisa. Dai la ardhi linaweza kuwa la haki na jiwe la usiku likabaki wizi.

Nami, ninayeandika stakabadhi za mfuko wa ujenzi, nina langu la kusema. Msikiti hauna haja ya kumpekua kila mtoaji, na dhana mbaya kwa Muislamu imekatazwa. Lakini anapokuja kijana asiye na kazi wala shamba, akaweka mezani fedha inayotosha mabati ya paa zima, kamati inayonyamaza kwa sababu paa linavuja inamfundisha kijana huyo kitu. Rai yangu, nitakayoipeleka kwenye kikao, ni kwamba aulizwe kwa faragha na kwa upole, na jibu likiwa la uzio, fedha irudi mkononi mwake. Paa litasubiri.

Ziara ijayo, in shaa Allah, ni Geita, mji ambao mgodi wake wa dhahabu ulifungwa mwaka 1966 na kufunguliwa upya mwaka 2000. Huko hukumu ni nyingine: mchimbaji mdogo akisafisha dhahabu yake ikafika gramu 85, zaka inamwajibikia hapo hapo bila kungoja mwaka. Wazazi waandikishe majina ya watoto baada ya swala ya Ijumaa. Kila mtoto aje na chakula chake na maji ya kutosha.