Mwenye mzigo yuko wapi?
Juzi jioni, kwenye steji ya bodaboda hapa Kabiria, Nairobi, nilimwona kijana mwenye sweta ya shule akimpa mtu kitu kilichofungwa kwa gazeti, bila shaka bangi, akapokea noti na kutokomea uchochoroni. Hakuna aliyeshtuka, mama wa mahindi hata hakuacha kupepea jiko lake. Kwenye karatasi, sheria yetu ni kali: ile ya dawa za kulevya ya 1994, ilipotungwa, ilimfikisha mlanguzi hadi kifungo cha maisha. Lakini Sheria ya Watoto ya 2001, iliyokataza mtoto kuingizwa katika usambazaji wa dawa hizo, ilimtisha mkosaji kwa kifungo kisichozidi miezi 12, faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Kwa mwenye biashara, hiyo si ni nauli tu? Tuliishi nayo miaka 20 hivi, hadi ile ya 2022 ilipochukua nafasi yake na kupandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Vyema. Ila mwenye bangi habebi bangi, na anayenaswa ni abebaye. Kumfikisha mtoto kortini bila kumsaka aliyemtuma ni kumfanyia mlanguzi kazi. Afisa ukimkamata kijana huyo, swali lako la kwanza liwe: nani amekutuma?