Kabla ya antena, hesabu betri

Makala kuhusu intaneti ya setilaiti hulinganisha kasi na bei, lakini kwetu Bukavu swali la kwanza ni umeme. Antena ya kawaida ya Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, hula wati 75 hadi 100. Ile ndogo, Mini, wati 25 hadi 40. Shirika la umeme SNEL likikata, antena isiyo na betri ni pambo juu ya bati. Anayetafuta intaneti ya dharura apige kwanza hesabu ya paneli na betri, na mara nyingi ataona ile ndogo ndiyo inayomfaa. Achunguze na mahali pa kuiweka: setilaiti za Starlink hupita kilomita 550 hivi juu yetu bila kutulia, hivyo antena hutaka anga wazi, jambo gumu kwenye vilima ambako nyumba ya jirani imesimama juu ya paa lako.

Wapo watakaosema setilaiti haizimwi. Kweli, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 serikali ya Kongo ilifunga intaneti ya simu kwa takriban siku 20. Lakini Starlink nayo ilipigwa marufuku nchini Machi 2024, ikapata leseni ya ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano, Mei 2025 tu, na tarehe 24 Julai 2025 ikazimika duniani kwa saa mbili na nusu hivi. Wengine watalalamikia bei, na wana haki. Ndiyo maana sishauri mtu aache data za Airtel, Vodacom au Orange. Setilaiti iwe njia ya pili, isiwe ya pekee.