Usiuguse Mchezo Wangu Nikiwa Nimelala

Wasomaji wangu, nimepotea wiki tatu kwa sababu ya kazi, na nilikuwa nimepanga nikirudi niandike juu ya hifadhidata. Hifadhidata ingoje. Leo nina hasira.

Jumapili iliyopita binamu yangu alinipigia simu saa moja asubuhi. Yuko kidato cha nne, na likizo yote alikuwa akijenga mchezo wake wa mabasi: barabara, honi, michoro ya matatu, muziki. Modi arobaini na kitu, kila moja ameitafuta, ameipakua, ameijaribu. Kama neno ni geni kwako, modi ni nyongeza ambayo mchezaji ameitengeneza ili itiwe ndani ya mchezo wa kampuni. Usiku huo aliacha laptopu ikiwa imewashwa na kuunganishwa na simu yake. "Kaka," akaniambia, "bando limeisha, na mchezo umekataa kufunguka." Duka alilonunulia lilikuwa limeteremsha sasisho la gigabaiti kadhaa bila kumuuliza. Duka silitaji, wala mchezo wenyewe, maana ugonjwa huu si wa duka moja.

Kwa nini sasisho moja livunje modi arobaini? Chukua Skyrim, mchezo wa mwaka 2011 ambao watu bado wanautilia modi hadi leo. Modi zake nyingi nzito zinategemea programu ndogo iitwayo SKSE, ambayo hujipachika kwenye mchezo ukiwa unaendeshwa na kuupa uwezo ambao kampuni haikuuweka. Ili ifanye hivyo, lazima ijue kila kipande cha msimbo kinakaa anwani gani ndani ya faili kuu ya mchezo. Ni kama kumwelekeza mgeni kwa kuhesabu milango: mlango wa kumi na saba, kushoto. Siku mwenye ploti akijenga vibanda viwili pale mbele, mgeni atabisha kwa jirani. Tarehe 11 Novemba 2021 kampuni ya Bethesda iliutoa Skyrim kwenye toleo la 1.5.97 na kuupeleka 1.6, tena kwa kompaila mpya. Milango yote ikahama. Wapo wachezaji ambao hadi leo wamegoma kutoka 1.5.97.

Na hapo tunazungumzia duka moja. Skyrim ulipofika GOG mwaka 2022, faili yake kuu haikuwa sawa na ile ya Steam (Steam ni duka la kampuni ya Valve, lisikuchanganye na stima inayopotea jioni). Ikabidi SKSE itolewe mara mbili, moja ya Steam na moja ya GOG. Mwenye nakala ya Epic au ya duka la Microsoft hana SKSE kabisa. Mchezo ni uleule na jina ni lilelile, ila uwezo wa kuutilia modi unategemea mlango ulioingilia dukani.

Kisa kilichonishawishi kwamba jambo hili si la wachezaji wachache wanaolalamika ni kile cha Fallout 4. Mchezo huo ulitoka Novemba 2015. Kundi la watu wa kujitolea wakakaa miaka wakijenga Fallout: London, modi ya bure yenye ukubwa wa mchezo mzima, na wakatangaza wataitoa tarehe 23 Aprili 2024. Aprili hiyohiyo Bethesda ikatangaza sasisho kubwa la Fallout 4, la kushuka tarehe 25. Siku mbili tu baada ya ile ya vijana! Wangefanya nini? Wangeitoa modi yao Jumanne, na Alhamisi Steam ingebadilisha mchezo chini yake. Wakaahirisha. Modi ilitoka tarehe 25 Julai 2024 kupitia GOG, na waliokuwa na Fallout 4 ya Steam walilazimika kwanza kuurudisha mchezo nyuma kwa programu maalumu, hadi toleo la kabla ya Aprili. Fikiria hilo. Sharti la kwanza la kufurahia kazi ya miaka ni kufuta sasisho ambalo hukuliomba.

Sasa niseme kama mtu wa kazi hii. Mimi naandika programu za kulipiwa mshahara. Hakuna mradi ninaoujua ambao unaruhusu maktaba zake zijibadilishe zenyewe saa nane usiku kwenye seva ya mteja. Tunaandika toleo kamili la kila kitu kwenye faili, tunaifunga, na mtu akitaka kupandisha toleo anafanya hivyo mchana, macho yakiwa wazi, huku akijua atarudi vipi mambo yakiharibika. Ukikiuka hayo unaitwa ofisini. Halafu watu walewale, waliosoma vitabu vilevile, wanatengeneza duka ambalo kwenye mipangilio yake ya masasisho hakuna neno "kamwe". Steam itakuruhusu kungoja hadi utakapoufungua mchezo. Kukataa, haikuruhusu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba matoleo ya zamani hayajapotea. Steam ina dirisha la amri lililofichwa. Unaandika download_depot na namba tatu ndefu, na seva za Valve zinakuteremshia faili za zamani za mchezo ulioununua. Ndivyo watu wa Fallout 4 na Skyrim walivyorudi nyuma. Yaani bidhaa iko stoo, muuzaji anajua iko wapi, ila ukitaka upewe lazima uzunguke nyuma ya duka na kunong'ona namba ya siri.

Najua nitakachojibiwa: usalama. Masasisho huziba mashimo, na michezo ya mtandaoni inataka kila mtu awe na toleo moja. La mtandaoni nakubali bila ubishi. Lakini usalama? Tarehe 25 Desemba 2023, siku ya Krismasi, wezi waliingia kwenye akaunti ya watengenezaji wa Downfall, modi ya mchezo wa Slay the Spire, na kusambaza programu ya kuiba manenosiri. Waliisambaza kwa njia gani? Kwa sasisho la Steam. Juni mwaka huohuo kirusi kilichoitwa fractureiser kilipitia akaunti za watengenezaji modi za Minecraft pale CurseForge. Bomba linaloleta dawa bila kuuliza huleta na sumu bila kuuliza. Na si kila sasisho ni dawa. Novemba 2014 wenye GTA San Andreas ya Steam walipokea sasisho lililoondoa nyimbo ndani ya mchezo, kwa sababu leseni za muziki zilikuwa zimekwisha. Walionunua redio kamili wakarudishiwa redio yenye mapengo.

Wala msiniambie haiwezekani. Minecraft ya Java hukuchagulia toleo jipya, lakini ukitaka la miaka kumi iliyopita, lipo kwenye orodha, bofya. Factorio hudai kila modi itaje toleo la mchezo inalolifaa, na matoleo ya zamani yako wazi. Euro Truck Simulator 2 huacha matoleo yaliyopita pale Steam kwenye sehemu ya majaribio, tena ni kampuni ambayo wateja wake wameutilia mchezo modi zisizo na idadi. GOG inakupa faili ya kusakinishia uihifadhi kwenye diski yako, na hapo hakuna wa kukufuata. Hawa wote wanaishi, wanauza, wanakula.

Ukweli mwingine tuuseme sisi waandishi wa programu. Tunapenda masasisho ya lazima kwa sababu yanatupunguzia kazi: toleo moja tu la kuhudumia, barua chache za malalamiko. Ni sababu ya kueleweka. Lakini gharama yake hatuilipi sisi. Inalipwa na kijana anayenunua intaneti kwa megabaiti, na mtengenezaji modi anayeamka asubuhi na kukuta jumbe mia mbili za kumtukana kwa kosa ambalo si lake.

Binamu yangu tulimpata rafiki wa shule mwenye nakala ya wiki iliyopita kwenye diski, tukainakili folda nzima, kisha nikampangia mchezo usisasishwe hadi aufungue mwenyewe. Sasa anaufungua akiwa amezima data ya simu. Matatu yake inatembea tena, honi zote zinalia, na mama yake amenipigia kuuliza kama ningeweza kuzirudisha zilivyokuwa wiki iliyopita.