Mteja ni wa Nani?

Katika maduka mengi ya rejareja ya mtaa wa Bondeni, Kenya, muuzaji ndiye mkopeshaji. Daftari liko chini ya kaunta: jina, sukari kilo moja, unga wa ngano, mafuta, na mstari wa kalamu juu ya kila deni lililolipwa. Mwenye duka anajua nani kafiwa na nani kacheleweshewa mshahara, na anayeamua kusubiri au kudai ni yeye peke yake.

Kampuni mbili zikigawana kazi hizo, moja iuze na nyingine ikopeshe, mvutano huanza. Muuzaji hutaka kila mtu apewe ili mauzo yapande. Benki hutaka kuchuja. Marekani, kampuni ya maduka ya Walmart iliishtaki Capital One, benki mshirika wake wa kadi za mkopo, mwaka 2023, ikidai benki hiyo inachelewa kuwapa wateja kadi mpya pale za zamani zinapopotea. Mwaka uliofuata zikaachana.

Kenya iliyaonja haya mapema. Mei 2010, kampuni ya simu ya Safaricom na Benki ya Equity zilizindua M-Kesho, akaunti ya benki kwenye simu, kwa shangwe. Safaricom ilikuwa na laini za watu na mawakala madukani. Equity ilikuwa na akaunti na mikopo. Kila upande ukamwona mteja kuwa wake, huduma ikadorora. Novemba 2012 Safaricom ikaanzisha M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, pamoja na benki ya CBA. Equity nayo ikatafuta leseni ya simu, ikaipata mwaka 2014, ikaja na Equitel, mshindani wa mshirika wake wa jana.

Kwa nini M-Shwari ikadumu? CBA ilikuwa benki ya makampuni na wenye uwezo, yenye matawi machache. Mama muuza samaki hakuwa mteja wake hata imgombanie.

Hata hivyo, wakubwa kuelewana si lazima mkopaji apate nafuu. M-Shwari ilianza na ada ya 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Mnunuzi akilipa kwa Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kujaziwa salio lisipotosha, mwenye duka anapata pesa zake papo hapo, na ada ya kila siku inabaki kwa mnunuzi. Bondeni, mtaa wenye Waislamu wengi, ada hiyo inagusa suala la riba. Ndiyo maana Halal Pesa, huduma ya mikopo kwa simu iliyoletwa na Gulf African Bank na Safaricom mwaka 2022, ina uzito wake: imani ya mteja imezingatiwa tangu mkataba.

Benki Kuu ya Kenya izilazimishe kampuni hizi kumwambia mkopaji, kwa Kiswahili chepesi na kabla hajabonyeza kukubali, ni nani anayemdai na ni nani atakayejibu malalamiko yake.