Mjeledi wa Khalifa na Hoja ya Mwanachuoni

MIZANI
Na Shee Mwinyihaji

Katika mwaka 833, Khalifa al-Ma'mun, mtawala aliyependa elimu kuliko aghalabu ya wafalme wa zama zake, na ambaye chini ya ulinzi wake vitabu vya wanafalsafa wa Kiyunani vilifasiriwa kwa Kiarabu, alimwandikia liwali wake wa Baghdad, Is-haka bin Ibrahim, akimwamuru awakusanye makadhi na wanavyuoni awaulize mmoja mmoja: Kurani imeumbwa, au haikuumbwa? Jawabu lililotakiwa lilikuwa moja tu, kwamba imeumbwa, nalo ni la Muutazila, watu walioitukuza akili na kushikilia kwamba mwanadamu ana hiari katika matendo yake. Wengi walilitamka kwa hofu. Wawili waliosimama imara, Ahmad bin Hanbal na Muhammad bin Nuh, walitiwa minyororo wakapelekwa kwa Khalifa, naye akafariki kabla hawajamfikia.

Sina nia ya kuamua hapa ni nani aliyesibu katika mas'ala yenyewe. Linalonisikitisha, mimi niipendaye akili na kuiona kuwa neema kubwa aliyopewa binadamu, ni kuwa waliokamata mjeledi safari hii ndio waliojinasibisha nayo. Al-Mu'tasim, aliyemrithi nduguye, alimweka Imam Ahmad gerezani kisha akaamuru apigwe, ilhali mfungwa, kama wanavyosimulia wanahistoria, alikuwa akiomba neno moja tu, aletewe hoja itokayo katika Kitabu au katika Sunna. Na katika utawala wa al-Wathiq, Waislamu waliotekwa na Warumi walipoletwa mpakani mwaka 845 ili wakombolewe, walisailiwa kwanza itikadi zao, na asiyekiri kuwa Kurani imeumbwa hakukombolewa. Mtu ametoka utumwani, anawaona ndugu zake ng'ambo ya mto, na karani wa serikali anamuuliza mas'ala ya ilmu ya kalam!

Al-Mutawakkil alipotawala, mihna, yaani mtihani huo wa itikadi, ilikomeshwa, na mjadala wenyewe ukapigwa marufuku. Na Muutazila, waliozoea kuegemea kiti cha dola, wakajikuta hawana dola wala mapenzi ya watu. Kwa maoni yangu hoja zao zilistahili hatima bora kuliko hiyo.

Pwani yetu nayo ina habari zake. Seyyid Barghash wa Unguja, Mwibadhi, alimfunga Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni wa Kishafii wa Mombasa, kwa sababu ya kuyajadili madhehebu ya mtawala, na Sheikh hakutoka kifungoni mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Mwanawe, Sheikh al-Amin, alipotaka kuwarudi Waislamu wenzake kwa bidaa na kwa kuipa elimu kisogo, alianzisha mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akaandika, na aliyemkataa alikuwa huru kumkataa.

Nayataja haya kwa kuwa tangu mwaka 2023, miili ya zaidi ya watu 400, wafuasi wa mhubiri anayeshukiwa kuwaamuru wafunge hadi kufa, watoto wengi miongoni mwao, ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya imekuwa ikipendekezewa tume ya kuisimamia dini. Uchungu uliozaa pendekezo hilo naujua, wala simtetei mhubiri yeyote anayemfanya muumini aiache akili yake mlangoni pamoja na viatu. Walakini mtoto aliyenyimwa chakula hata akafa ameuawa, na sheria ya jinai ilikuwapo siku zote. Mshukiwa mkuu alikwisha kamatwa na kuachiliwa kwa dhamana kabla makaburi hayajafukuliwa. Kilichopungua ni uangalifu wa polisi na mahakama, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na tume ya kupima itikadi, ambayo bila shaka wakuu wa madhehebu makubwa wataomba viti ndani yake, wapate kuwahukumu wadogo wasiopendwa.

Hesabu za sadaka na zikaguliwe, na anayemdhuru mtu ashtakiwe, awe amevaa kanzu au joho. Lakini mswada wa tume hiyo ukifika bungeni, naomba kila mbunge, kabla hajainua mkono, aulize ni nani atakayeketi upande wa kuuliza maswali, nani atamteua, na asiyekubali kujibu atafanywa nini.